Blauzi Isiyofuliwa

Nauli ya treni ilipopanda tena, binti yangu aliacha kurudi nyumbani kila jioni. Mshahara wa kiwanda cha mikate ungeishia njiani. Sasa analala huko huko, kwenye stoo ya unga, juu ya maboksi ambayo mlinzi, Mungu ambariki, humtandikia bila kuombwa. Kwetu anakuja mwisho wa mwezi tu.

Mwanawe hajatimiza miaka miwili. Binti yangu aliogopa kusahaulika, basi akaniachia blauzi yake ya kazini.

"Usiifue, mama. Alale nayo."

Ilinuka jasho na hamira. Mjukuu wangu aliikumbatia kila usiku hadi usingizi ulipomchukua.

Juzijuzi miguu yangu ilivimba, sikuweza kuinama. Jirani yangu, mwenye roho nzuri kuliko wote mtaani, akabeba nguo zetu zote akaenda kufua. Nilipotoka nje niliikuta blauzi inapepea kambani, nyeupe pee.

"Bibi, hii ilikuwa na uchafu huo! Nimeisugua mpaka vidole vinawaka."

"Asante, mwanangu," nikasema.

Usiku mtoto aliinusa, akaitupa chini.

Jumamosi binti yangu akafika. Alipiga magoti mlangoni, unga bado uko kwenye nyusi, akafungua mikono.

"Njoo kwa mama."

Mtoto alimtazama kama anavyomtazama mgeni, akajificha nyuma ya gauni langu. Akanishika mguu ule unaouma, akaniita mimi, "Mama."

"Makubwa!" binti yangu akacheka. "Kumbe umezaa uzeeni na hukuniambia!"

Nikacheka naye, ila mikono yake ilikuwa bado wazi.

Jumapili jioni ndipo mtoto alipoanza kupokea mkate kutoka mkononi mwake, tena kwa kunyoosha mkono kutoka mbali. Treni nayo haimngoji mtu. Binti yangu alibadilisha nguo, akanipa blauzi aliyokuja nayo.

"Mama, mwezi ujao atanijua?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu aliyekuwa mbele yangu ni wangu. Nikamfunga kitambaa kichwani vizuri, nikamsindikiza mpaka getini, kwa kuwa miguu haikufika mbali zaidi.

Kisha nikarudi ndani, nikaikunja ile blauzi na jasho lake, nikaificha chini ya godoro, mbali na wema wa jirani.