Kinga ya Kukodisha

Wakili wa kampuni ya dawa alizungumza taratibu, na baraza la Wamohawk, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, likamsikiliza taratibu vilevile. Kampuni ingelikabidhi kabila hataza ya dawa yake ya macho, yaani haki ya kuitengeneza peke yake. Kabila lingeikodishia kampuni haki hiyo hiyo na kulipwa kila mwaka. Na kwa kuwa kabila ni taifa lisiloshtakiwa bila ridhaa yake, viwanda vilivyotaka hataza ifutwe ili vitengeneze dawa nafuu vingekwama mlangoni.

"Bei itashuka?" aliuliza Elvera Papineau, msuka vikapu, mwanamke pekee barazani.

"Hapana, mama. Bei ni suala jingine."

"Kwangu mimi ndilo suala lenyewe."

Dada yake, Beulah, aliishi mjini Syracuse na dawa hiyo aliinunua kwa pesa zake. Chupa ya mwezi mmoja aliivuta hadi miwili. Elvera akampigia simu.

"Usinifanye mimi kisingizio," Beulah alisema. "Shule ya lugha yetu inavuja. Chukueni hizo pesa."

"Na macho yako je?"

"Yamenizoea. Acha ubishi, mdogo wangu."

Hata hivyo, Elvera alipiga kura ya hapana, peke yake. Mkataba ukapita.

"Umetutupa, dada," alisema mwenyekiti, Hollis Terrance.

"Niko hapa hapa, Hollis. Nimekataa tu."

Kesi ikaanza. Magazeti yakawaita Wamohawk taifa la kukodiwa. Siku moja Hollis alifika kwa Elvera, akasimama uani akiwa amevua kofia.

"Bunge linataka kutufutia kinga ya kutoshtakiwa. Tunataka ukatusemee Washington."

"Mimi niliyekataa?"

"Ndiyo maana. Wewe hakuna atakayesema umenunuliwa."

Elvera alikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu akapiga pasi gauni lake.

Huko Washington, mbunge mmoja alimtazama juu ya miwani. "Hivi ninyi ni taifa kweli, mama, au kabati la kufichia mali za watu?"

"Mkataba huu niliupinga," Elvera alijibu, "na hata leo ningeupinga. Niulize kuhusu huo, nitakujibu mpaka uchoke. Lakini utaifa wetu hatukupewa na ninyi, kwa hiyo hamwezi kututoza kodi ya pango."

Nyuma yake Hollis alikohoa, kumbe anazuia kicheko.

Baadaye majaji waliamua kwamba kinga ya kabila haizuii hataza kuchunguzwa. Hataza ikafutwa, malipo yakakoma. Dawa nafuu ilichelewa, lakini ilifika. Beulah akaanza kutia matone asubuhi na jioni kama alivyoandikiwa.

Paa la shule lilikuwa limeezekwa nusu. Majira ya kuchipua, mafundi wa vyuma wa kabila waliofanya kazi jijini New York walirudi nyumbani kila mwisho wa juma, wakapanda kumalizia bila ujira. Elvera aliwapelekea sufuria ya supu ya mahindi. Hollis alikuwa ameshika ngazi.

"Nusu ile ya kwanza ni ya kampuni," alimtania. "Utapita chini yake?"

"Nitapita," Elvera alisema. "Shika ngazi vizuri."