Mama Daisy Alirudi Mbololo

Kavetsa alirudi kanisani Jumapili ya mavuno, watu wakiwa wameshapanga mahindi na mikungu ya ndizi mbele ya madhabahu. Hakuingia. Aliketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, leso imemfunika kichwa, akasikiliza ibada kutoka nje.

Mama mkwe wake, Tryphena, alikuwa mbele akiongoza wimbo wa akina mama. Aliona watu wakigeuza shingo mmoja baada ya mwingine, naye akatazama walikotazama. Wenzake waliendelea kuimba, yeye akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa kando na kupanda kilima kwenda nyumbani. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala ile nyingine.

Hakuna aliyemuuliza sababu. Mbololo nzima iliijua.

Kavetsa alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge, baba yake akiwa mmoja wa wale waliotoka magharibi kuja kutafuta kazi. Danson, mwana wa Tryphena, fundi wa reli pale Voi, alimwoa na kumleta nyumbani kwao. Tryphena alimpenda tangu siku ya kwanza. Walilima pamoja, wakaimba pamoja kanisani. Daisy alipozaliwa, bibi ndiye aliyemwogesha mwezi mzima.

Baada ya Daisy walikuja wavulana wawili, na wote wawili walifia hospitalini kabla ya kupewa majina. Watu wa kanisa walikuja na unga na sukari, wakamwambia Kavetsa ni mapenzi ya Mungu, wakarudi makwao. Alibaki na maziwa yakimvuja kifuani.

Ndipo akasikia habari za nabii mmoja aliyepiga kambi porini, upande wa Mraru. Nabii huyo hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Alimwambia wanawe walikufa kwa sababu alitumainia madaktari kuliko Mungu, na kwamba huyu aliyebaki angeishi ikiwa mama yake angeacha dawa. Kavetsa aliamini. Alimbeba Daisy, wakati huo ana miaka mitano, akahamia kambini. Danson aliwafuata mara mbili, na mara zote mbili vijana wa nabii walimfukuza kwa marungu.

Mvua zilipokuja, Daisy alishikwa na malaria. Tryphena alipata habari kutoka kwa mwanamke aliyeuza mboga kando ya kambi, akapanda bodaboda mpaka Mraru. Alikuta mlango wa mabati umefungwa kwa ndani.

"Kavetsa, nifungulie! Nipe mtoto nimpeleke hospitali Voi."

"Rudi nyumbani, Mama. Usituletee shaka. Anapona."

Kutoka ndani, sauti ndogo ya Daisy ilimwita bibi yake, "Nyanya, maji."

Tryphena aligonga yale mabati mpaka mikono ikavuja damu, kisha akakimbia kumwita chifu na polisi. Waliporudi na kuuvunja mlango, Daisy alikuwa ameshakata roho, amelala mapajani mwa mama yake.

Nabii alitoroka. Kavetsa alikamatwa, akashtakiwa, akafungwa. Danson alimzika mtoto bila mama yake kuwepo, kisha akaomba uhamisho kwenda Mombasa. Tangu hapo hakulitaja tena jina la mkewe.

Sasa kifungo kilikuwa kimekwisha. Kavetsa aliishi Voi kwa shangazi yake, akifulia watu nguo, na kila Jumapili alipanda mpaka Mbololo na kuketi kwenye zile ngazi.

Mchungaji Sylus alikuja kumwona Tryphena siku moja asubuhi. Alipuliza chai yake kwanza.

"Mama Danson, tumekukosa kanisani."

"Na yeye?"

"Bado anakaa nje. Nimemsihi aingie. Anasema hawezi kuingia nyumba ambayo wewe umetoka kwa sababu yake."

"Mchungaji, usinisomee habari za mwana mpotevu. Yule alipoteza mali. Huyu amempoteza mjukuu wangu."

"Sikuja kukusomea," alisema Sylus. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wale wavulana walipokufa nilimtembelea siku moja tu, kisha nikaona nimemaliza kazi. Nimekuja kukaa na wewe, kwa sababu yeye sikukaa naye."

Akakaa mpaka jua likawa kali, kisha akaomba neno moja fupi, akaenda zake.

Haikupita wiki, Kavetsa mwenyewe akaja. Alisimama nje ya lango mchana, jua la utosi. Tryphena alikuwa uani akipukuchua maharagwe. Alimwona, akaendelea na kazi yake. Alipukuchua mpaka ungo ukajaa, na mwanamke yule bado amesimama palepale.

"Unataka nini?"

"Sijui mlimlaza wapi, Mama."

Mikono ya Tryphena ilisimama. Katika hasira zake zote, hilo halikuwahi kumpitia akilini, kwamba mama wa mtoto hajaliona kaburi. Aliinuka, akafungua lango, akatangulia.

Kaburi lilikuwa chini ya nyumba, pembeni mwa shamba, limesakafiwa kwa saruji, jina limechorwa kwa msumari. Kavetsa alipiga magoti na kupitisha kidole juu ya kila herufi. Hakulia kwa sauti.

"Mlimvika nguo gani?"

"Ile ya njano."

"Ilikuwa inambana mabegani."

"Nilifumua mshono," alisema Tryphena.

Upepo ulipita kwenye mahindi. Kisha Kavetsa akasema, uso bado chini, "Aliomba maji, Mama. Nilimpa. Nataka ujue nilimpa."

Tryphena aliketi chini, ng'ambo ya kaburi. Miaka yote hiyo alikuwa akiamka na ile sauti masikioni.

"Kwa nini hukunifungulia?"

"Niliogopa. Wadogo zake walikwenda hospitali, wakafa. Nilidhani nikifungua mlango, Mungu atamchukua na yeye."

Walilia, kila mmoja upande wake wa kaburi. Baadaye Tryphena alijifuta uso kwa kanga yake.

"Siwezi kukuambia nimekusamehe. Ninajitazama ndani, na sijui kukoje. Lakini Jumapili upitie hapa, Mama Daisy. Tutaenda pamoja."

Kavetsa aliposikia akiitwa jina hilo, alijilaza kifudifudi juu ya saruji, na sasa akalia kwa sauti.

Jumapili waliingia kwa mlango mkubwa, Tryphena amemshika mkono. Shingo ziligeuka tena. Wakio, bibi mmoja mzee ambaye hakuwa rafiki wa yeyote kati yao, alisogea kwenye benchi na kupigapiga kwa kiganja mahali pa kukaa. Wakaketi. Walipofika kwenye sala ya Bwana, penye maneno "kama sisi tunavyowasamehe", sauti ya Tryphena ilikatika. Midomo yake ilicheza tu. Kavetsa, aliyekuwa karibu naye, alisikia ukimya ule, naye hakuuachia mkono wa mama mkwe wake.

Ilichukua Jumapili nyingi kabla Tryphena hajaweza kuyatamka maneno hayo, na hata alipoyatamka, siku nyingine yalimrudia matupu.

Habari zilifika Mombasa haraka. Danson alipiga simu.

"Mama, nasikia mnakaa benchi moja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi umemsahau Daisy."

"Sijamsahau. Tunampalilia kaburi pamoja, mimi na mama yake."

"Krismasi usiningojee," alisema, akakata.

Na kweli hakuja. Wanawake hao wawili walikula wali wao uani, na Tryphena alipomwombea Danson kwa jina, Kavetsa alishindwa kusema amina.

Mpaka leo Danson hajarudi. Kila Jumapili baada ya ibada, mama yake humpigia simu. Siku nyingi haishiki. Siku nyingine huishika, humsikiliza mama akimsalimia na kumweleza habari za mvua na mahindi, lakini yeye hasemi neno, mpaka simu inapokatika.