Jina la Mwenye Sanduku

Jirani yetu Tryphosa anasema kaka yangu Alfayo alimaliza chemshabongo ya gazeti kabla chai haijapoa. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, barazani kwetu, kalamu sikioni, akicheka peke yake. "Kichwa cha mwalimu hicho," huwaambia watu kwenye kituo cha majani chai, "si kama vyenu vya kubebea vikapu." Watu hucheka. Mimi nasubiri zamu yangu ya mizani.

Kalamu sikioni alikuwa nayo kweli. Majibu yalikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na aliyeyaandika kwa mkaa ni mimi.

Mafumbo yale hayakuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Hayo Alfayo angeyaweza, ni mwalimu wa daraja la P3. Yale hukupeleka njia isiyo yako. "Amebeba ndoo nyuma, lakini mtoni haendi. Herufi sita." Alfayo alifikiria punda siku mbili, ingawa herufi zake ni tano. Mimi niliondoka na fumbo hilo shambani. Mikono ikizoea kuchuma, kichwa hubaki huru. Nilipofika mstari wa tatu wa michai niliacha kumtafuta mchota maji, nikaanza kutazama herufi zenyewe. Kondoo. Mtazame nyuma: ndoo hiyo.

Nilipomaliza yote kumi na nane nikamwambia, "Tuma kwa jina langu." Zawadi ilikuwa masomo ya sekondari kwa njia ya posta, miaka miwili bila karo. Mimi niliishia la saba mwaka wa 1970. Baba alisema anaweza kumsomesha mmoja tu, na huyo mmoja alishajulikana.

"Sanduku la posta ni la shule," Alfayo akasema. "Barua ya Nyanchera ikifika, mwalimu mkuu atauliza Nyanchera ni nani. Acha tuweke langu. Masomo yakija ni yako. Kwani sisi si tumbo moja?"

Tumbo moja. Nikakubali.

Baada ya wiki sita gazeti likaandika: Bw. Alfayo Angwenyi, Sironga. Mama akachinja kuku. Kisha vijitabu vikaja, vimefungwa kwa kamba, kila kimoja kimepigwa chapa jina lake.

"Si ulisema ni vyangu?"

"Nilisema. Nani alijua watapiga chapa?" Hakunitazama. "Na mimi nataka kupanda daraja hadi P2, na huko wanataka mtu wa sekondari. Wewe mwakani umeolewa, vitakusaidia nini huko?"

Akavifungia kwenye sanduku lake la bati.

Jumapili iliyopita, alasiri, akaja jikoni. Nilikuwa namenya ndizi. Alfayo hakai jikoni, lakini siku hiyo alivuta kigoda akakaa. Mkononi alikuwa na kazi ya kwanza waliyomrudishia, wino mwekundu toka juu hadi chini. Kumi na moja kwa mia. Chini waliandika: "Kwa mtu aliyeshinda chemshabongo yetu, tulitarajia zaidi."

"Nyanchera, dada yangu." Hajaniita dada tangu tulipokuwa tunachunga ndama. "Uwe unanifanyia hizi kazi. Mimi nitanakili tu. Na wewe si utakuwa unasoma? Si ndicho ulichotaka?"

Akaniwekea kijitabu magotini, kimefunuliwa. Palikuwa na picha ya moyo wa mtu, umekatwa katikati, kila chumba na jina lake. Nikasoma mstari mmoja. Nikasoma wa pili. Ukurasa ukaisha, na vidole vyangu vilikuwa vimejaa utomvu wa ndizi. Sikugeuza.

Nje Tryphosa akapaza sauti toka uani kwake: "Mwalimu! Wiki hii wametoa nyingine? Uimalize, tusikie tena jina la Sironga!"

Alfayo alisogeza kigoda karibu. Aliniinamia, akateremsha sauti.

"Nyanchera, nakuomba. Utaniandikia?"

Nikachukua ndizi nyingine, nikaendelea kumenya.