Kifungu cha Sita na Meza ya Ghorofa ya Chini

Wanaume wanne walinyoosheana bastola kwenye maegesho ya duka la magodoro hapa Toledo, theluji ikianguka, wote wakipiga kelele "Polisi!" na hakuna aliyemwamini mwenzake. Wawili walikuwa wa idara ya serikali kuu iliyo ghorofa ya tatu ya jengo letu, wamejifanya wanunuzi wa kokeini. Wawili walikuwa wa idara nyingine, ghorofa ya saba, wamejifanya wauzaji. Walikuwa wamewindana miezi minne. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wa ghorofa ya saba alitazama vizuri, akasema, "Hebu ngoja. Wewe si yule wa kwenye lifti, mwenye mwavuli wa kijani?"

Huyo wa mwavuli ni Tibor, mtoto wa dada yangu.

Mimi, Irma Szalay, nilikuwa mpokea simu wa jengo hilo. Baada ya mkasa ule nilinunua ramani ya jiji, nikaibandika ukutani nyuma ya meza yangu ghorofa ya chini, nikawaomba wakubwa wote: kabla hamjatoka kwenda kumnasa mtu, nipigieni kwanza. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Nilijaribu hivi na vile mpaka nikapata utaratibu. Ghorofa ya tatu walikubali, polisi wa jiji wakafuata. Ghorofa ya saba walikataa.

Miaka miwili baadaye ukaletwa muswada Washington wa kuunganisha vikosi vyote vya serikali kuu vinavyopambana na magenge na dawa za kulevya. Kifungu cha sita kilitaka kila eneo liwe na meza kama yangu, na kila kikosi kilazimike kuipigia. Sikuwa na kawaida ya kufuatilia mambo ya Bunge, lakini kifungu hicho nilikitaka kwa moyo wote. Tibor alikuwa bado anatoka kwenda kunasa watu kila wiki.

Alhamisi moja akaja mwanasheria wa kamati ya Bunge, Maren Thornquist, msichana mrefu mwenye mkoba uliojaa karatasi. Bwana Harlan Voss, mkuu wa ghorofa ya saba, akateremka kuonana naye mezani kwangu.

"Kura ni Jumanne," Maren alisema. "Bwana Voss asipokubali, kifungu cha sita kitaondolewa. Wabunge wamesema watamsikiliza yeye, kwa kuwa ndiye aliyeikataa meza hii."

"Na mimi sikubali," alisema Voss. "Bi Irma, usinielewe vibaya, kahawa yako naipenda. Lakini mtu anayeniletea habari ana watoto. Jina lake likiingia kwenye daftari lako, kesho mfagiaji analijua, keshokutwa genge zima linalijua."

Sikumwona mbaya. Niliomba rasimu ya kifungu hicho, nikaisoma mara mbili, kidole kwenye mstari. Ilidai jina la anayetafutwa, jina la mtoa habari, na maelezo yote ya upelelezi.

"Nani aliandika haya?"

"Mimi," Maren alisema, masikio yakiwa mekundu. "Nilidhani ndivyo unavyofanya."

"Mwanangu, mimi majina sitaki hata kuyasikia. Naandika vitu vitatu: wapi, saa ngapi, na namba ya kumpigia aliyeniambia. Nachomeka pini. Pini mbili zikikaribiana, kila upande naupa namba ya mwenzake. Waongee wenyewe."

Voss alinikazia macho. "Basi? Hata huulizi ni nani?"

"Nikiuliza nitajua. Nikijua nitamwambia mume wangu. Na Ferenc unamjua."

Hapo hata yeye alicheka. Ferenc ni kinyozi, na kinyozi hana siri.

"Jaribu mara moja tu," nikamwambia, "kabla ya Jumanne."

Alirudi juu. Ijumaa ikapita kimya. Jumatatu saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Voss hapa. Andika. Ghala la rangi, Mtaa wa Whitlow, leo saa nane mchana."

Nilichukua pini nyekundu. Kwenye Mtaa wa Whitlow tayari palikuwa na pini ya bluu, saa ile ile. Namba yake niliijua: ya Tibor. Nilishika ukingo wa meza, kisha nikasema kama ninavyosema siku zote, "Kabla hujatoka, piga namba hii."

"Kuna mtu?"

"Piga namba hii, bosi."

"Bi Irma, hii si namba ya ghorofa ya tatu?"

"Mimi sijui lolote. Mimi ni meza."

Baada ya nusu saa lifti ilifunguka, wakatoka wawili, Voss na Tibor. Sikuwahi kuona watu wa ghorofa hizo wakipanda lifti moja kwa hiari yao.

"Watu wangu walikuwa waingie kwa mlango wa nyuma," alisema Voss.

"Na mimi ningekuwa nimejificha nyuma ya mlango huo huo, mama mdogo," alisema Tibor. Alikuwa anatabasamu, lakini midomo imempauka.

Voss akavuta simu yangu, akapiga Washington. "Bi Thornquist? Yafute yale majina. Weka vile vitu vitatu vya Bi Irma, nami sina neno." Akasikiliza. "Hapana. Usiandike kwamba nimefurahi."

Mchana ule walikwenda ghalani pamoja, wakarudi na watu tisa wenye pingu, bila risasi hata moja. Kesho yake kifungu cha sita kikapita.

Sheria ilitiwa saini majira ya mapukutiko. Maren alinitumia nakala, nami nikamsomea Ferenc kifungu hicho tukiwa mezani, kuku wa paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha, akitoa mvuke.

"Kizuri," alisema. "Jina lako liko wapi?"

"Halipo. Majina tuliyafuta."

Akaniwekea paja la pili, lile la kwake.