Mshumaa na Kakao

Ermelinda Xol alikuwa amempikia Bibi Hortensia miaka thelathini, lakini siku hiyo hakutaka hata kumtazama usoni. Jaji alikuwa amepanda mwenyewe hadi kwenye shamba la kahawa la bibi huyo ili aamue kama kaya arobaini za vibarua wa kabila la Waq'eqchi', ya Ermelinda ikiwamo, zibaki au zing'oke.

"Mheshimiwa, babu yangu aliikuta ardhi hii tupu," alisema Rodolfo, mtoto wa Hortensia, akipunga hati yake. "Msitu na nyani tu! Hawa tuliwaleta sisi, waje kuchuma."

"Na hao nyani ndio waliokuwa wakizikana pale kilimani?" akadakia mtu kutoka nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Ermelinda hakucheka. Makaburi hayana hati.

Jaji akamgeukia Hortensia, aliyekuwa ameketi kivulini na fimbo yake. "Na wewe, bibi, unakumbuka nini?"

"Nakumbuka mshumaa," akajibu ajuza yule. "Tangu mwaka wa kwanza tulipofika hapa, nikiwa na miaka sita. Kila mwezi wa tano baba alinituma nipeleke mshumaa na kakao kwa wazee wao, wakatuombee ruhusa kwa mizimu ya mlimani. Bila hivyo hakuna aliyegusa mbegu."

"Mama! Hizo si imani za vibarua tu?"

"Nyamaza, Rodolfo. Mahali patupu, baba yangu alikuwa akiwaomba kina nani?"

Ermelinda alilia palepale, kamasi na machozi, wala hakuona haya. Miaka yote ile alijua bibi huyu anapenda maharagwe yaliyokolea chumvi, kumbe hakumjua.

Kaya zote arobaini zilibaki. Rodolfo alinuna, akakata mguu kwa mama yake.

Mwezi wa tano ulipoingia, Ermelinda alibisha mlangoni kwa Hortensia akiwa na mshumaa mkononi na bakuli la kakao ya moto.

Bibi akaduwaa. "Makubwa! Leo nyinyi ndio mnaniomba mimi ruhusa?"

"Thubutu! Ruhusa tumeshaomba mlimani, bibi," akasema Ermelinda. "Hii ni asante. Haya kunywa, itapoa."

Hortensia alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akasogea kwenye benchi ili Ermelinda apate pa kukaa. Katika miaka thelathini, ilikuwa mara ya kwanza.