Tembo wa Pembeni

Wakili, jina alilobandikwa na babake kwa ubishi wake, alikuwa ameshinda sataranji na hana raha. Miaka kumi na moja baba, dereva wa basi la shule, alimtandika kila Jumamosi bila huruma. Jana akalala chali. Hivi hivi tu? Au alimwachia?

Nyumbani kwao kila hatua huandikwa daftarini, basi akapanga kete mezani, akaurudia mchezo mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ameanzia pembeni, mtindo aliouokota juzijuzi kazini. Badala ya kukimbilia katikati kama watu wenye heshima zao, alisogeza askari wa ubavuni, akamficha nyuma yake tembo, yule anayekwenda mshazari. Hila ya kitoto. Na baba akampa ngome bure! Kisha farasi. Kisha malkia, Mungu wangu, malkia!

Akapanga, akapangua, akapanga tena. Kichwa kilimzunguka. Kama mzee alikuwa anagawa ushindi, mbona hatari zilizotoka kulia kwake alizikwepa hatua tatu kabla? Mbona alipigania kiaskari kimoja kama shamba la urithi? Anayeachia si huachia kote?

Mara ya nne alihamia kiti cha baba, aone alivyoona yeye. Ndipo akagundua kwamba kila kilichomuumiza mzee kilianzia kushoto kwake.

"Bado unajipongeza?" Baba alikuwa amesimama mlangoni, anacheka.

"Baba, jana uliniachia?"

"Mimi nikuachie? Thubutu! Umenishinda, mwanangu, na usingizi sikupata."

"Hebu kaa. Nitazame puani, macho usiyageuze. Nakuletea farasi. Ukimwona tu, sema."

Wakili alimshika yule farasi, akamleta taratibu kutoka kushoto kwa baba, akalipita sikio, akalipita shavu, mpaka akakaribia kugusa kope. Baba alikuwa anatabasamu, mikono magotini, anasubiri.

"Haya, mlete basi," alisema. "Unangoja nini?"

Wakili alimrudisha farasi mezani. Angetoa chochote kile ili jana awe amedanganywa.

"Baba," alisema, "kesho usiwapakie watoto."