Nilivyoyasugua Mawe ya Huo-tu

Mume wangu Huo-tu aliuza samaki sokoni kwenye bandari ya Keelung miaka arobaini na moja, akiwakata vichwa bila hata kuwatazama. Leo ana samaki wawili hai wa baharini sebuleni, na ole wako ukiwagusa. Duniani kuna mambo!

Magoti yalipomshinda akaiacha meza yake ya sokoni, alikaa mwaka mzima mbele ya televisheni, hasemi, hacheki. Niliogopa, sitaficha. Ndipo rafiki yake A-piao akamletea tangi la kioo, taa, pampu, mawe na matumbawe hai, na mzee wangu akafufuka. Asubuhi anapima chumvi ya maji kabla hajanywa chai. Kisha ananisimulia habari za tangi mpaka kichwa kiniume, nami nafurahi na maumivu yangu.

Basi mwaka ukakaribia kwisha, nikafanya usafi. Kwetu mwaka mpya haukaribishwi kwenye nyumba chafu. Nilisugua jiko, nikasugua dari, nikapangusa picha za mababu. Likabaki tangi. Maji safi, samaki safi, lakini mawe, jamani! Ukungu wa zambarau, majanimajani, vidudu vinatambaa. Huo-tu alikuwa ametoka kununua vitu vya karamu ya mkesha. Nikayaacha yale yenye matumbawe, nikayatoa mengine yote, nikayasugua kwa brashi na maji ya moto mpaka yakawa meupe pe. Nikayarudisha, nikajisifu.

Mzee akaingia, akasimama na mfuko wake mkononi. Hakugomba. Laiti angegomba!

"Uchafu ule," akasema taratibu, "ndio uliokuwa unasafisha maji. Sasa mavi ya samaki yatageuka sumu."

"Si ungeniambia?"

"Nimekuambia mwaka mzima."

Kweli aliniambia. Mimi nilikuwa naitikia tu "ee, ee" huku nakata vitunguu.

Karamu ya mkesha aliila kimya, macho kwenye televisheni. Nikawaza: Samaki wakienda, na yeye ataenda nao, arudi kule kwenye kiti chake cha ububu.

Asubuhi ya mwaka mpya samaki wote wawili walikuwa juu ya maji, wanatweta. Chumvi maalumu ya tangi alishaimaliza kubadilishia maji, na maduka yote yamefungwa. Nikampigia A-piao. Lakini siku ya kwanza ya mwaka neno la kifo halitamkwi. Ukilitamka umeliita likae nawe mwaka mzima.

"Heri ya mwaka mpya, shemeji! Utajirike!"

"Na wewe pia. A-piao, samaki wetu wazima kabisa. Ila leo wanapenda hewa kupita kiasi."

"Wanapenda hewa?"

"Wanaitafuta kwa midomo. Na mimi, shemeji, mawe yao nimeyafanyia usafi."

"Usafi gani?"

"Wa maji ya moto."

"Mama yangu wee! Usimwambie mtu. Nakuja."

Kumbe yeye ndiye aliyewaambia wafuga samaki wenzao wote. Haikupita saa, wakaingia wanaume watano, yeye akiwa mbele, kila mmoja na ndoo ya mawe aliyoyatoa kwenye tangi lake mwenyewe. Machafu ajabu! Yana ukungu, yana konokono, yana minyoo. Maji ya chumvi yakachuruzika toka mlangoni hadi sebuleni, na siku ya kwanza hakufagiliwi wala hakupigwi deki, usije ukafagia bahati ikatoka nje. Nikafunga mikono nyuma, natazama sakafu yangu inavyoharibika.

"Tuvue viatu, shemeji?" A-piao akauliza, anacheka.

"Ingieni navyo. Mie nimekoma."

Walipanga mawe, wakabadilisha maji kwa chumvi waliyokuja nayo, wakala keki yangu ya mchele yote. Jioni samaki wakashuka chini wakaanza kuogelea vizuri. Huo-tu aliwashukuru wenzake mmoja mmoja. Mimi hakuniambia neno, na siku zilizofuata ilikuwa "chai", "chumvi", "asante", basi.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja niko jikoni, nasikia anapiga kelele, "Njoo! Wee bibi, njoo upesi!" Nikakimbia na mwiko mkononi, nikidhani tangi limepasuka.

Yule samaki mdogo alikuwa analing'ata jiwe, anatema, analing'ata tena. Yule mkubwa anamzunguka.

"Anafanya nini?"

"Anasafisha. Wanataka kutaga mayai, na hawatagi penye uchafu."

"Masikini jike wa watu, hata baharini kazi ni yake!"

"Jike ni huyo mkubwa," akasema. "Anayesugua ni dume."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mzee, umeona? Jifunze!" Naye akacheka, ile sauti yake ya sokoni, majirani wakachungulia.

Kesho yake mayai yalikuwapo, ya rangi ya chungwa, yamebanana. Huo-tu akapiga magoti yake mabovu, akatazama kwa muda mrefu. Mle ndani mna mawe ya watu watano. Samaki wale walikuwa wamechagua moja la yale yangu meupe.

"Hili," akasema, akanishika mkono, "ulilisugua vizuri sana, mke wangu."